Namba tatu

Anayetafuta ushuhuda wa kombe hapa hataupata. Timu ninayoisema ni ya soka ya wasichana, ya chuo kimoja cha afya mjini Ifakara, na msimu ninaousema ni wa 2024. Nilikuwa nacheza namba tatu, beki wa kushoto. Leo ni tabibu, nina dawati na foleni ya wagonjwa asubuhi, na sidhani ningefika hapa kama nafasi ile ya namba tatu ingekuwa na mtu mwingine wa kuiziba.

Kwetu ni Michenga. Kwa makaratasi tuko ndani ya Halmashauri ya Mji wa Ifakara, lakini usitegemee kukuta mji, utakuta majaruba. Wazazi wangu wanalima mpunga, supa na saro, na ada yangu ilikuwa inatoka humo humo. Mikopo ya wanafunzi wa diploma ndiyo kwanza ilikuwa imeanza mwaka huo wa masomo wa 2023/24. Nikaomba, jina halikutoka. Sikulia. Mpunga ulikuwa umeshapandwa.

Mvua ikaja. Redioni walisema ni El Niño; sisi tuliona tu vuli imeungana na masika bila kupumzika. Bonde la Kilombero halishangai maji. Kila mwaka mto unapanda, unamwaga tope jipya mashambani, unaacha kambale kwenye madimbwi, unarudi zake. Mwaka ule maji yalichelewa kurudi. Mto Lumemo uliacha njia ukaingia mitaani Ifakara, watu wakabeba magodoro kichwani. Kwetu maji yalikaa juu ya masuke. Mpunga unavumilia kusimama majini, hata unapenda. Ukizamishwa kichwa siku nyingi, unaoza.

Uwanja wetu nao ukageuka bwawa. Tukawa tunafanya mazoezi kwenye zege la maegesho ya magari, huku malaria ikizunguka kikosi kizima, mmoja anamaliza dozi ya mseto mwenzake anaanza. Na hapa ni Ifakara! Waswisi walifungua maabara yao hapa miaka ya 1950, ndiyo leo Taasisi ya Afya Ifakara, na miaka ya 1990 Kilombero na Ulanga ndiko vyandarua vyenye dawa vilikopimwa kama vinaokoa watoto, vikaonekana vinaokoa. Mbu wa kwetu wameandikwa vitabu. Bado wanauma.

Mwenzangu mmoja alikuwa anapenda kutuonyesha kwenye simu mechi za wanafunzi wa Marekani, ule mpira wao wa kukumbatia kifuani na helmeti kichwani. Uwanja wa Chuo Kikuu cha Michigan, mjini Ann Arbor, unaingiza watu zaidi ya 107,000, na wote wamekuja kutazama wanafunzi. Mathias Kiwanuka, mjukuu wa Benedicto Kiwanuka aliyekuwa waziri mkuu wa kwanza wa Uganda, alianzia kwenye mpira huo wa wanafunzi, akichezea Boston College, kabla ya kuwa mchezaji wa kulipwa wa New York Giants. Sisi watazamaji wetu walikuwa bodaboda waliokosa abiria. Ila kuna kitu nadhani ni kilekile kwao na kwetu: karatasi ya majina inayobandikwa ukutani siku moja kabla ya mechi. Usipoonekana, mtu anauliza.

Maana darasani nilipoacha kuonekana, hakuna aliyeuliza. Nilikuwa nadaiwa laki nne na ushee, na bila kulipa sipati namba ya mtihani. Nikafunga begi kimya kimya nikarudi nyumbani, nikijiambia nitaendelea mwaka ujao, kama wanavyojiambia wengi ambao hawakuendelea.

Kapteni wetu alikuja. Bodaboda ilimfikisha ilipoweza, akamalizia kwa miguu, viatu mkononi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibu, kuna nini?"

"Nimemfuata mwenzangu. Jumamosi tuna mechi."

Mama alimtazama kama mtu aliyekuja msibani kuuliza ngoma inapigwa saa ngapi. Sitampamba kapteni: hakuja kwa huruma, alikuja kwa sababu hakuna mtu mwingine aliyetaka kukaba upande ule. Lakini alikaa. Akauliza nadaiwa kiasi gani, nikamtajia. Hakusema pole. Akamgeukia baba akamuuliza shamba limebaki kiasi gani.

Kilichobaki kilikuwa sehemu za juu, kuzunguka vichuguu. Maji yalipopungua timu ikaja, wote isipokuwa waliokuwa na homa, jezi juu, kanga zimefungwa kiunoni. Wengi wao ni watoto wa wakulima, mundu wanaujua. Golikipa wetu ni wa Dar es Salaam. Alifundishwa palepale kushika mashina kwa mkono wa kushoto na kuvuta mundu kuja kwake, na kila baada ya hatua chache tope lilimvua kandambili. Mpunga uliolala ulikuwa umeanza kuota kwenye suke, vichipukizi vyeupe vinatoka kwenye punje. Huo tuliutenga kwa ajili ya bata. Uliobaki tukaupiga, tukaupeta, tukauanika kwenye turubai kila jua lilipotoka, na kukimbia kuukunja kila lilipozama mawinguni. Baba, ambaye mpira wa wasichana hajawahi kuukubali, alikaa pembeni akituhesabu. "Timu ina watu wangapi kwa jumla?" akauliza. Kapteni akamwambia ishirini. "Na wale wengine wako wapi?"

Magunia yaliyopatikana hayakutosha. Chuo kilikubali nilipe kwa awamu, na awamu ya kwanza ikabaki na pengo. Timu ilikuwa na hela moja tu, ya kukodi Coaster ya kwenda Mang'ula, chini ya milima ya Udzungwa. Walikaa kikao nisichoitwa. Coaster haikukodiwa, Mang'ula wakapewa ushindi wa mezani, pointi tatu na mabao matatu, na sisi tukamaliza msimu tukiwa wa pili kutoka chini. Nilipata namba ya mtihani. Nilisapu somo moja, nikalirudia, likatoka.

Golikipa hadi leo hajamaliza kulalamikia yale mabao matatu, kwamba yameandikwa kwake na hata glovu hakuvaa.

Juni ya mwaka uliofuata baba alinipigia. Mpunga ulikuwa umekubali. "Ile timu bado ipo?" Nikamwambia ipo, ila safari hii watataka kulipwa. Akasema wali na kambale watakula mpaka wasaze, na Coaster ya Mang'ula ataikodi yeye, mradi waje ishirini wote.