Kutoka Vitufe Vinne Hadi Saba

Mama msomaji, huenda nyumbani kwako pia yumo kijana anayegonga-gonga kompyuta huku muziki ukilia, nawe umejiuliza anapata faida gani. Sisi hapa Mgogoni, kisiwani Pemba, tulijiuliza vivyo hivyo. Tungependa kuwasimulia akina mama wenzetu juu ya mchezo huo, na hasa juu ya ile hatua yake ngumu ya kutoka vitufe vinne hadi saba, kwa maana kwetu ilikuwa zaidi ya mchezo.

Mwanetu wa pili alianguka kutoka juu ya mkarafuu wakati wa mavuno, akavunjika mkono wa kushoto karibu na kiganja. Aishiye Pemba hana haja ya kuelezwa. Mkarafuu ni mrefu na matawi yake huvunjika upesi. Mfupa uliunga vizuri, lakini plasta ilipotolewa vidole vilikuwa vikavu kama vijiti. Na huo ndio mkono anaoandikia! Jioni, tulipokaa ukumbini kuchambua karafuu na kutenga makonyo, yeye alikaa pembeni akitutazama. Alikuwa mtoto wa maneno mengi. Msimu ule alinyamaza.

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alimpa mpira laini wa kuminya, akatuagiza vidole vitumike kidogo kidogo kila siku, bila kulazimisha penye maumivu. Agizo lilikuwa jema, lakini mtoto wa miaka 14 ana subira gani na mpira? Siku ya nne tuliukuta chini ya kitanda.

Dada yake ndiye aliyetuletea kompyuta kuukuu kutoka Unguja, na ndani yake mchezo uitwao osu!, ambao hutolewa bure. Ulianzishwa mwaka 2007 na Dean Herbert wa Australia. Una namna kadhaa za kuchezwa, na mojawapo huitwa mania. Katika namna hiyo alama hushuka kwenye kioo kama matone ya mvua, kila moja katika njia yake, nawe unabonyeza kitufe cha njia hiyo pale mdundo unapoangukia. Ukichelewa unapoteza, ukiwahi mno pia unapoteza. Mwishoni mashine hukupa asilimia ya usahihi wako. Michezo ya jinsi hii ilipata umaarufu kutoka Japani, ambako kampuni ya Konami ilitoa beatmania mwaka 1997 ikiwa na vitufe vitano na kisahani cha kuzungusha, na mwaka 1999 ikatoa nyingine yenye vitufe saba.

Kwa vitufe vinne kijana alizoea upesi. Baada ya majuma matatu alikuwa akipata asilimia 90 na zaidi, na kicheko chake kikaanza kurudi. Tatizo ni kwamba vitufe vinne huhitaji vidole vinne tu, cha shahada na cha kati kwa kila mkono. Kidole cha pete, ambacho ndicho kilichokuwa kizito kuliko vyote, kilikaa bila kazi, na kalamu ikaendelea kumponyoka.

Jaribu jambo hili, mama. Weka kiganja mezani, kunja kidole cha kati kiingie chini ya kiganja, kisha jaribu kuinua kidole cha pete peke yake. Hakiinuki, au huinuka kwa shida. Kano za vidole hivyo nyuma ya mkono zimeungana, basi hata mkono mzima huona taabu kuvitenganisha, sembuse uliotoka kwenye plasta. Sasa vitufe saba huchukua vidole vitatu vya kila mkono, na kidole gumba hubonyeza kile kitufe kirefu cha katikati. Hapo kidole cha pete hakina pa kujificha.

Usiku wa kwanza wa vitufe saba alipata asilimia 58. Aliifunga kompyuta akaenda kulala bila kula. Ikiwa una mtoto aliyekwisha kuonja ushindi, unajua uchungu wa kurudishwa darasa la kwanza. Kwa maoni yetu, ugumu mkubwa wa vitufe saba uko hapo, kuliko hata kwenye vidole. Vijana wengi huchagua wimbo wa kasi ile ile waliyoizoea, wakashindwa, wakaurudia mara ishirini kwa hasira. Mkono hujifunza kukosea tu.

Dada yake alimrudisha kwenye nyimbo za polepole kabisa, zile alizokwisha kuzidharau. Ndipo tukabuni mchezo wa familia. Kijana alishika vitufe vitatu vya kushoto, dada yake vitatu vya kulia, na sisi tukapewa kile kirefu cha katikati. Mikono ya watu watatu kwenye kibodi moja! Bibi yao alitutazama kutoka mlangoni akauliza, "Enyi wanangu, hicho kinanda au cherehani?" Lakini njia hiyo ilifaa, kwa sababu mkono wa kushoto ulipata kujifunza sehemu yake peke yake kabla ya kuunganishwa na mwenzake.

Jambo moja lilitushangaza. Tulidhani alama zikishuka polepole zitasomeka vizuri. Sivyo. Njia zikiwa saba, alama zinazoshuka polepole hurundikana kama nguo kwenye tenga. Dada yake aliongeza mwendo wa kushuka bila kubadili kasi ya wimbo, zikaachana, na macho yakapata nafasi. Baada ya hapo kijana aliacha kusoma alama moja moja, akaanza kutambua maumbo: hii ni ngazi, hizi ni tatu za pamoja.

Kuna na la kibodi. Kibodi nyingi za bei nafuu hazisomi kila mchanganyiko wa vitufe vitatu au vinne vinavyobonyezwa pamoja, na mtoto anaweza kulaumiwa kwa kosa la mashine. Fungua ukurasa wa kuandikia, bonyeza S, D na F kwa pamoja, kisha ongeza J, K na L. Herufi isiyotokea imemezwa. Yetu ilimeza moja, tukahamishia kazi yake kwenye kitufe kingine.

Tuliweka nusu saa kwa siku, baada ya kazi za shule, na kusimama papo hapo kiganja kikianza kuuma. Siku ya umeme kukatika mazoezi hayakuwepo, wala hatukuona hasara. Mara nyingi kipande kilichomshinda jioni alikipita asubuhi. Tafiti kadhaa za wataalamu wa ubongo zimeonyesha kwamba usingizi huweza kusaidia vidole kushika walichofundishwa.

Baba yao hakuupenda mchezo huu tangu mwanzo, na mpaka leo haupendi. Yeye husema mpira wa kuminya ungetosha kama ungeminywa. Yawezekana. Mkono wenye umri wa miaka 14 hupona kwa njia nyingi, nasi hatudai kwamba kompyuta ndiyo iliyoponya. Tunachojua ni kwamba mpira ulikaa chini ya kitanda na vitufe havikukaa.

Ilichukua miezi mitano kufikia asilimia 90 kwa vitufe saba. Mwandiko umerudi, ingawa herufi zimelala kidogo. Na mavuno yaliyofuata alivuta jamvi lake, akashika kishada kwa mkono wa kushoto, akachambua pamoja nasi hadi saa tatu usiku, akisema maneno mengi mpaka bibi yake akamwomba anyamaze kidogo.