Kopo la Unga, Benaco

Nilikuwa na miaka 23, na kinachonijia kwanza hadi leo ni lile lundo la mapanga. Askari wetu waliyakusanya mwisho wa daraja la Rusumo, upande wa Ngara, Tanzania. Kila aliyevuka aliambiwa atupe lake. Mengine mipini yake ilikuwa imezungushiwa mpira wa baiskeli. Chini yetu mto Kagera ulikuwa ukipitisha maiti. Ilikuwa mwisho wa Aprili 1994, na kwa saa 24 tu walivuka watu kama 250,000 kutoka Rwanda.

Mimi ni Mhangaza. Kihangaza na Kinyarwanda ni ndugu, kwa hiyo shirika moja la misaada likanichukua niwe mkalimani katika kambi ya Benaco. Watu walipangwa kufuata komuni walizotoka, na chakula kikapitia kwa wakuu wao wale wale wa nyumbani. Wageni walisema ndiyo njia ya kuwafikia wengi upesi. Sylvestre Gacumbitsi, mkuu wa komuni ya Rusumo, alikuwa humo humo kambini. Baadaye mahakama ya kimataifa ya Arusha ilimtia hatiani kwa mauaji ya kimbari, yakiwamo ya watu waliokimbilia kanisa la Nyarubuye.

Siku moja mama mmoja mwenye mtoto mgongoni, ambaye jina lake nilikuwa nimeliandika mwenyewe, alinivuta shati kwenye foleni.

"Kaka, nipimie wewe."

Nikamjibu kwamba kila mtu anachukua kwa kiongozi wake. Akalitazama kopo la unga, kopo la mafuta ya kula lililokatwa mdomo, kisha mkono ulioshika.

"Mkono ule naujua," akasema, kwa sauti ya chini kabisa.

Siku ile nilitafsiri kila neno nililosikia, isipokuwa hilo. Vijana wa yule mkuu walikuwa hatua tatu kutoka tulipokuwa. Niliogopa.

Mwezi Juni ilipotakiwa Jean-Baptiste Gatete, mkuu wa zamani wa komuni nyingine aliyetuhumiwa kwa mauaji, aondoke kambini, maelfu ya watu waliwazingira wafanyakazi wa misaada. Kabla mwaka haujaisha, madaktari wa tawi la Ufaransa la Médecins Sans Frontières walifungasha, wakikataa misaada yao iwatie nguvu wauaji. Niliwaelewa. Mimi nilibaki, maana kambi ilijaa watoto, nao walihitaji kula.

Sijawahi kuamini kwamba tulikosea kuwalisha watu. Tarehe 21 Aprili, watu wakichinjwa, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipiga kura askari wake Rwanda wapunguzwe, wabaki 270. Muda si mrefu malori ya mahindi yakawa yanapishana barabarani kwetu. Kumtenga muuaji na mkimbizi kunataka mwenye bunduki na amri, na kazi hiyo ikaachiwa makarani na wapima unga.

Mgao uliofuata nilimtafuta yule mama tangu asubuhi. Jina lake lilipoitwa, aliitika mwanamume nisiyemjua. Akapimiwa.