Clan Maana Yake Watoto

Magazeti ya Kiingereza yakiandika mapigano ya kwetu Tarime, neno lao ni moja tu: "clan". Nilidhani ni Kiingereza. Kumbe limetoka Kigaeli, lugha ya watu wa milima ya Uskoti, na kwao "clann" ni watoto!

Waingereza walilichukua zaidi ya miaka 500 iliyopita. Wagaeli wa "clann" moja walijiita uzao wa babu mmoja, ingawa wengi walikuja tu kuomba ulinzi kwa mkubwa wa ukoo wakachukua jina lake. Nao, usishangae, walikuwa wakiibiana ng'ombe, na kijana aliyerudi na mifugo akasifiwa. Mkurya gani hajui habari hiyo?

Mwaka 1746 Wagaeli wengi wa milimani walishindwa vitani pale Culloden, kisha wakubwa wao wakapokonywa mamlaka ya kuhukumu. Baadaye wakubwa wengi waliwafukuza watu wao mashambani ili wafuge kondoo. Jina la watoto likabaki, ila ubaba ukawa umekwisha.

Sisi Wakurya, wa Tarime na wa Serengeti, tunasema ikiaro: watu pamoja na eneo lao. Wanyabasi, Wairege na Wakira wana ndugu zao ng'ambo, Kenya, maana mpaka wa wakoloni uliwakata katikati. Kiswahili kinasema ukoo, na kuku wa kutaga anaitwa koo. Naona kila lugha inazungukia uzazi uleule.

Sasa mbona neno la uzazi limekuwa neno la mishale na mapanga? Serikali ilifikia hadi kuunda kanda maalumu ya kipolisi ya Tarime na Rorya. Na mimi siwezi kusoma habari hizo kama mgeni. Baba ana ikiaro chake, mama ana chake, na watu wa pande hizo wamewahi kuchomeana nyumba. Upande mmoja wajomba, upande wa pili baba wadogo.

Nimemaliza kidato cha nne, kazi sina, natunga riwaya. Rafiki zangu wananiambia shujaa lazima awe na upande. Mama aliwahi kuulizwa hivyohivyo na wazee: "Mama, wewe uko upande gani?"

Akawajibu: "Kule nilizaliwa, huku nimezaa. Nionyesheni asiye mtoto wangu."

Hilo ndilo jibu nililompa shujaa wangu.