Mungu Akipenda

Mwaka 2010, baada ya mafuriko ya mto Mkondoa hapa Kilosa, mwalimu mwenzangu aliyestaafu na kuhamia Mikumi aliniomba nikamkagulie mizani ya utenzi wake. Nikamjibu, "Nitakuja, Mungu akipenda." Maji yakapungua, barabara ikapitika, sikwenda. Nilifika siku ya mazishi yake.

Mjane akanikabidhi daftari: "Shemeji, alisema utakuja."

Wahenga walinena, ahadi ni deni. Nami Mkristo nililitaja jina la Mungu ili nifiche uvivu wangu. Mungu alipenda, mimi ndiye sikupenda.

Sasa kila jioni nahesabu mizani, 8 kila kipande, ubeti kwa ubeti. Deni nalilipa, ijapokuwa aliyenidai hayupo kulipokea.