Gari Aliloliacha Shemeji

Mercedes-Benz 450 SLC ya marehemu shemeji yangu hung'aa kila Jumamosi. Mpwa wangu huisugua mno. Lakini hapa Tanga chumvi ya bahari huanzia chini, kwenye matope yaliyoganda nyuma ya magurudumu. (Nilipokuwa mkuu wa chuo cha ualimu, ukaguzi wa bweni niliuanzia uvunguni.) Kubwa zaidi limo ndani ya injini: vibao vya plastiki viongozavyo cheni ya taimingi. Plastiki hiyo huzeeka, hukakamaa, huvunjika; cheni ikiruka, pistoni hugonga valvu, injini ikafa. Fundi ataka vibadilishwe kabla gari halijawashwa tena. Kijana ataka rangi mpya. Akiba yatosha jambo moja tu. Dada hajasema neno. Ufunguo ameufunga kwenye pindo la kanga.