Kalahari: Mama Aliyeningoja Nimusalimie



Wengi wenu mnanijua kama mtu wa Kolwezi, mtu wa vumbi la migodi. Mwezi huu ninataka tutembee pamoja mbali kidogo, mpaka jangwa la Kalahari katika nchi ya Botswana. Nilialikwa kule mwaka 2023 kwa mkutano wa wachungaji, na nyuma ya mkutano tulipata siku mbili za kutembea. Siku zile mbili zimenifuata mpaka nyumbani, nami ninataka kuwaambia sababu.

Njia yake ni hii: unatoka Lubumbashi, unavuka mpaka kule Kasumbalesa, unapita Lusaka na Livingstone, mpaka mto Zambezi pale Kazungula. Zamani kamiyo zilikuwa zinalala pale siku nyingi zikingoja kivuko. Tangu 2021 kuna daraja la meta 923. Kisha unapita Kasane na Maun, na barabara ya lami inanyooka kama kamba mpaka mji wa Ghanzi.

Usifikiri mchanga mtupu kama katika picha za Sahara. Kalahari iko na majani makavu, miiba na miti mifupi juu ya mchanga mwekundu. Kinachokosekana ni maji. Mvua ikinyesha, mchanga unaimeza mara moja. Ndiyo sababu watu wa nchi ile wanaita feza yao Pula, maana yake mvua. Na mwezi wa saba usiku baridi iko kali sana! Mimi mtu wa Katanga nililala na koti na soksi.

Wenyeji wa kwanza wa inchi hizo ni Wasan. Katika Botswana wanawaita Basarwa. Waliishi kule maelfu ya miaka mbele ya sisi Wabantu kufika na ng'ombe na vyuma. Wako makabila mengi: Wanaro karibu na Ghanzi, Wagwi na Wagana katikati ya jangwa. Lugha zao ziko na sauti za kugonga ulimi, kama vile mama anavyofanya akimsikitikia mtoto aliyeanguka. Katika kijiji cha D'Kar, karibu na Ghanzi, Kinaro kimeandikwa, na tangu 2012 wanasoma Agano Jipya katika lugha yao wenyewe.

Sasa sikieni mambo yangu. Asubuhi moja tulilipa feza kwa kambi moja ya wageni ili tutembezwe na Wasan. Wazee wawili, kijana mmoja na mama mmoja mzee walikuja wamevaa ngozi. Kijana alikuwa anasema Kiingereza, na mchungaji mwenzangu wa Zambia alinitafsiria kwa Kibemba. Tuliwafuata porini. Mzee aliona jani moja dogo kama uzi, akachimba kwa fimbo, akatosha kiazi kikubwa cha mviringo. Wakakikwangua, wakakamua yale makwangu mkononi, na maji yakashuka kwa kidole gumba mpaka mdomoni. Walituonyesha pia ganda la yai la mbuni. Zamani mvua ikinyesha walikuwa wanayajaza maganda hayo maji, wanayaziba, wanayazika mchangani kwa siku za kiangazi. Mimi nilikuwa nahangaika na telefone yangu, nikipiga picha za kila kitu: kiazi, mikono, uso wa yule mama.

Mama akasema neno, wenzake wakacheka. Nikauliza, “Amesema nini?” Kijana hakutaka kujibu. Nikamsihi, ndipo akasema: “Mama anauliza, kwa inchi yenu watu hawasalimiane?”

Ndugu msomaji, nilisikia haya mpaka kwenye mifupa. Kwetu mtoto akipita mbele ya mzee bila kumsalimia, tunamwita amerogwa na mji. Na mimi mchungaji, mtu wa miaka zaidi ya makumi ine, nimemtazama mama ya watu saa nzima kama mtu anayetazama nyama porini. Sikujua jina lake. Sikumwambia langu. Niliweka telefone mfukoni, nikapiga makofi kwa heshima kama tunavyofanya kwetu, nikamsalimia. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

Nyuma ya matembezi walivua ngozi, wakavaa nguo zao za kila siku. Mama alifunga kitambaa kichwani kama mama yeyote wa kwaya yetu. Tukaketi chini ya mti. Sasa yeye ndiye aliuliza. “Unatoka wapi?” Nikamwambia, kwetu ni Kongo, kule watu wanachimba shaba. Akanyamaza kidogo, kisha akasema: “Basi mnajua kuhamishwa.”

Akaeleza. Alizaliwa ndani ya Hifadhi ya Kalahari ya Kati, pori kubwa lililotengwa mwaka 1961 kwa ajili ya wanyama na kwa ajili ya watu walioishi ndani yake. Mwaka 1997 kamiyo zilikuja, zikawapeleka watu wa Xade nje ya hifadhi, mahali panapoitwa New Xade. Mwaka 2002 waliobaki nao walitoshwa, na foraji yao ya Mothomelo ikafungwa. Ndugu, fikirini jambo hilo: kisima kufungwa katika jangwa! Serikali ilisema inalinda wanyama, na kwamba watu watapata shule na hospitali. Ilikana kabisa kwamba sababu ni almasi. Wengi wa wenyeji hawakuamini, kwa maana almasi ilikuwa imepatikana pale Gope, ndani ya hifadhi. Mgodi ulifunguliwa pale mwaka 2014, ukasimama 2017.

Tuseme kweli pia: almasi ya Botswana imejenga barabara ile nzuri niliyopita, na shule nyingi. Sisi tunaotembea katika mashimo ya Katanga tunaweza kuwaonea wivu. Lakini barabara ya wengi haiwezi kulipa deni la yule aliyefungiwa maji.

Wasan hawakushika mishale. Walikwenda kwa hakimu. Tarehe 13 Desemba 2006, mahakimu wawili kati ya watatu walisema kuwatosha watu katika hifadhi hakukuwa sawa na sheria. Lakini hukumu ile haikuwarudishia maji. Walipigana tena, na mwaka 2011 mahakama ya rufani ikasema wako na haki ya kutumia foraji yao na kuchimba nyingine. Kumbukeni Naboti na shamba lake la mizabibu. Yeye hakupata hakimu wa namna hiyo.

Lakini mambo hayakuisha. Mzee mmoja alikufa mwishoni mwa 2021, na jamaa yake walikatazwa kumzika katika udongo wa baba zake ndani ya hifadhi. Maiti ilingoja karibu miaka mitatu. Mwaka 2024 raisi mpya, mwanasheria aliyewahi kuwatetea Wasan, aliwapa ruhusa, na mwezi wa kumi na mbili akazikwa kwao.

Sasa, wapenzi, turudi nyumbani. Sisi wa migodi tunajua nyumba inapopigwa alama ya rangi ukutani. Tunalia, na ni haki. Lakini sisi wenyewe tunawaita namna gani Bambote na Batwa? Wakija na asali, tunawapunja. Wakiketi kanisani, tunawaachia benchi la nyuma. Kule Tanganyika, Batwa na Baluba walipigana kuanzia 2013, na damu ya wengi ilimwangika. Tangu Julai 2022 nchi yetu iko na sheria inayolinda Wapigme wenyeji. Sheria ni nzuri, lakini haiwezi kusalimia mtu kwa ajili yako.

Vijana, mkifika siku moja Kalahari, au hata Nyunzu, salimieni kwanza. Ulizeni jina. Ombeni ruhusa mbele ya kupiga picha. Lipeni bei ya haki. Na mkiisha kutazama namna watu wanavyotosha maji katika kiazi, ulizeni pia ni nani aliyefunga kisima.

Mimi nilifuta picha zote za asubuhi ile. Nimebakiza moja tu, ile tuliyopiga pamoja chini ya mti. Mama ndiye aliyeiomba.