Mshipi Mwembamba wa Uvira

Msafiri atokaye Bukavu akipita Kamanyola hushuka katika bonde la mto Ruzizi, na mwisho wa bonde hulikuta Ziwa Tanganyika limetanda mbele yake. Kushoto, ng'ambo ya maji, ni Bujumbura. Kulia milima ya Mitumba yasimama kama ukuta, na kati ya ukuta huo na maji umejibana mji wa Uvira. Tukiufuata ufuko toka Kavimvira hata bandari ya Kalundu, kila mahali twakuta mitumbwi, nyavu, na wanawake waanikao ndakala juani.

Wengi hudhani uvuvi wa ziwa hili ni wavu tu. Lakini uko uvuvi mwingine, wa kimya, ambao wastahili kuelezwa: uvuvi wa ndoana na mshipi mwembamba.

Huko Ulaya wako watu wamvuao samaki aitwaye karpu kwa fimbo nyepesi na uzi usioonekana vema majini. Juu ya ndoana hufunga manyoya na nyuzi, vikafanana na mdudu. Karpu huyo si mwenyeji wa Tanganyika, ingawa jamaa za ukoo wake wamo, na baadhi yao hupanda mito kama Ruzizi ili kutaga mayai. Lakini werevu ule wa manyoya si mgeni kwetu. Wako wavuvi wa ziwa hili wafungao manyoya ya kuku kwenye ndoana, wakamdanganya mukeke, ambaye watu wa Kigoma humwita mgebuka. Usiku huwasha taa, zamani karabai, na siku hizi mara nyingi taa za nguvu ya jua. Wadudu wadogo wa majini hufuata mwanga, ndakala huwafuata wadudu, na mukeke huwafuata ndakala. Mvuvi huteremsha mshipi, huuinua na kuushusha, na kidole chake humwambia samaki amekuja. Uzi ukiwa mwembamba, haifai kuvuta kwa nguvu: yampasa amwachie samaki akimbie, kisha amrudishe pole pole.

Karibu na ufuko yuko kuhe, samaki wa jamii ya ngege, naye ndiye mkubwa kuliko wote wa jamii hiyo barani Afrika; urefu wake hupita nusu mita. Kuhe dume na jike hutaga mayai mahali pa maji haba, wakayalinda pamoja, na watoto wakiisha kutoka huwalinda vile vile, wakimfukuza kila adui. Wataalamu waliowachunguza wanadhani kwamba huzaa mara moja tu maishani. Basi amwuaye kuhe akiwa mlezi hakuua mmoja, ameua nyumba nzima.

Hapo ndipo twaona tofauti ya ndoana na kokoro, yaani wavu ule ukokotwao mpaka nchi kavu. Ndoana humchukua mmoja mmoja, na mvuvi mwenye hekima aweza kumrudisha aliye mdogo. Kokoro la matundu madogo, au chandarua cha mbu kigeuzwacho wavu, hakichagui: hukusanya watoto wa samaki na kuvuruga mahali pa kutagia.

Mtu atasema, "Ziwa ni kubwa, samaki hawaishi." Kweli, kina chake chafikia meta 1,470. Lakini upande huu wa kaskazini, chini ya meta 100 hivi, maji hayana hewa ya kumtosha samaki. Shamba lenyewe ni tabaka jembamba la juu, na kitalu chake ni ufuko. Ndiyo maana mataifa manne yenye ziwa hili, Kongo, Burundi, Tanzania na Zambia, yalitia sahihi mkataba wa kulitunza huko Dar es Salaam tarehe 12 Juni 2003. Na mwaka 2024 Tanzania ilifunga uvuvi upande wake miezi mitatu, toka 15 Mei hata 15 Agosti.

Hatusemi kwamba mambo ni mepesi. Tangu mwaka 1996 vita vimepita Uvira mara nyingi, na mwezi wa Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika ukabomoa nyumba nyingi. Baba mwenye watoto wenye njaa hapimi matundu ya wavu. Lakini mshipi na ndoana ni mali ya maskini: havihitaji petroli wala mtaji mkubwa, ila mkono mtulivu na uvumilivu. Na uvumilivu wafundishika.

Basi, enyi wazazi wa ufukoni, mfundisheni kijana kufunga ndoana, kuutambua mshipi kwa kidole, na kumwachia samaki mdogo aende zake. Ajifunze pia kuwapisha kuhe wawili walio juu ya watoto wao. Akiba haiozi, na akiba ya Uvira i ndani ya maji.